Uhalisi na Ubora katika Upigaji wa Gitaa la Bluzi

UTANGULIZI

Wapenzi wa bluzi wanapokutana hawachelewi kumwita mpigaji gitaa mmoja wa kweli na mwenzake mwigaji. Hukumu hiyo hutolewa upesi, aghalabu kabla ubeti wa kwanza haujaisha, na ni nadra anayeitoa kuulizwa vigezo vyake. Hata hivyo hukumu yenyewe si mchezo wa maneno. Katika historia ya muziki huu ndiyo iliyoamua mara nyingi nani arekodiwe na nani aachwe, nani apandishwe jukwaani na nani abaki kufagia sakafu za hoteli. Kwa sababu hiyo inastahili kupimwa kwa makini kama inavyopimwa hukumu nyingine yoyote ya uhakiki.

Bluzi ni muziki wa watu weusi wa Marekani, uliochipuka katika majimbo ya Kusini kuelekea mwisho wa karne ya 19, miongoni mwa watoto na wajukuu wa watumwa. Mwanafunzi wa lugha aweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Jibu ni kwamba bluzi ni fasihi simulizi: ni ubeti unaotungwa kwa kuimbwa, unaopokezanwa kwa sikio, na unaobadilika kila unapopata kinywa kipya. Wanaochapa maneno ya bluzi kitabuni bila muziki wake huchapa nusu ya matini tu, kwa kuwa nusu ya pili husemwa na gitaa.

Vigezo vitatu ndivyo vinavyotumiwa sana kumpambanua mpigaji halisi. Cha kwanza ni kigezo cha mateso: kwamba apigaye bluzi sharti awe amezaliwa katika dhiki yake. Cha pili ni kigezo cha ukale: kwamba upigaji halisi ni ule wa shambani, usioguswa na mji wala umeme. Cha tatu ni kigezo cha ustadi: kwamba bora ni yule mwenye vidole vyepesi kuliko wenzake. Makala haya yanashikilia kwamba vigezo vyote vitatu vinachungulia mahali pasipo penyewe. Kinachompambanua mpigaji halisi, na kinachomfanya awe bora, ni jinsi mkono wake unavyolijibu neno.

UBETI NA PENGO LAKE

Ubeti wa kawaida wa bluzi una mishororo mitatu, na kwa hesabu hiyo mshairi wa Kiswahili angeweza kuuita tathlitha. Lakini mpangilio wake ni wa namna ya pekee. Mshororo wa kwanza hutoa kauli; wa pili huirudia kauli hiyo, pengine kwa badiliko dogo; wa tatu huijibu au kuigeuza, na kwa kawaida hufunga kwa kina kinachopatana na kile cha mwanzo. Kimuziki ubeti huo huchukua vipimo 12, yaani kila mshororo vipimo 4.

Hapa ndipo kiini cha mambo kilipo. Maneno ya mshororo hayavijazi vipimo vyake vyote 4. Aghalabu mwimbaji huwa amekwisha kusema alilonalo anapofika kipimo cha tatu, na nafasi inayosalia huachwa wazi. Kwa hiyo kila ubeti una mapengo matatu, na mapengo hayo yakijumlishwa hukaribia nusu ya ubeti mzima. Anayeyajaza ni mpigaji. Na katika bluzi ya mtu mmoja, mpigaji na mwimbaji ni yule yule.

Muundo huu si mgeni kwa mtu anayezijua nyimbo za kazi za Kiafrika, ambamo kiongozi hutoa na kundi likaitikia. Mkulima wa pamba aliyeimba peke yake nyuma ya nyumbu wake hakuwa na kundi la kumwitikia. Gitaa ndilo lililokuja kuishika nafasi hiyo. Wala gitaa lenyewe halikuwa chombo cha jadi cha watu hao. Kabla yake walijulikana zaidi kwa banjo na fidla. Gitaa lilienea mikononi mwao viwanda vilipoanza kuliunda kwa bei nafuu, na makampuni kama Sears, Roebuck yakawa yanaliuza kwa njia ya posta. Chombo cha dukani, basi, kilitwaliwa kikafanyiwa kazi ambayo muundaji wake hakuikusudia.

Kazi hiyo ilionekana mapema. W. C. Handy, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1941, alieleza jinsi alivyomkuta mtu mmoja katika stesheni ya reli ya Tutwiler, Mississippi, kiasi cha mwaka 1903, akibonyeza kisu juu ya nyuzi za gitaa huku akiurudia mshororo wake mara tatu. Handy alikuwa mwanamuziki aliyesoma, lakini muziki ule ulimwia mgeni kabisa. Kisu kile hakikuwa pambo. Vipande vya chuma vilivyopachikwa kwenye shingo ya gitaa huigawa sauti kwa ngazi, kila moja mahali pake. Sauti ya binadamu anayesema, anayeomba au anayelalamika haipandi kwa ngazi. Huteleza, huyumba, hukatika. Kisu, shingo ya chupa, au kidole kinachouvuta uzi nje ya mstari wake, vyote vinaziondoa ngazi hizo ili gitaa lipate kiimbo cha usemi.

Ushahidi ulio wazi kabisa ni wa mtu ambaye hakuimba bluzi hasa bali nyimbo za dini. Mnamo tarehe 3 Desemba 1927, mjini Dallas, kipofu Blind Willie Johnson alirekodi "Dark Was the Night, Cold Was the Ground". Katika santuri hiyo hakuna neno hata moja linalotamkwa. Mwimbaji anaguna na kuomboleza tu, na gitaa linazichukua sauti zake, linazimalizia, na mara nyingine linamtangulia. Msikilizaji anaelewa kwamba kuna jambo linasemwa, hata kama hana namna ya kuliandika. Wimbo huo ulipochaguliwa kuwamo katika santuri iliyopelekwa angani na chombo cha Voyager mwaka 1977, waliouchagua walikuwa wametambua kwamba kiimbo peke yake chaweza kubeba maana ya upweke.

KIGEZO CHA MATESO

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Methali hii ndiyo msingi wa kigezo cha kwanza, na hapana anayeweza kuipuuza. Bluzi ilizaliwa katika kilimo cha kugawana mavuno ambacho kilimfunga mkulima kwa madeni, katika sheria za ubaguzi, katika hofu ya kuuawa na makundi ya watu pasipo hukumu. Asiyeijua historia hiyo hataelewa kwa nini barabara, treni na jua linalotua vinarudiwa mno katika beti zake.

Lakini methali inasema nani anawajua kunguni. Haisemi nani anaweza kuwasimulia. Maelfu kwa maelfu ya watu walikilalia kitanda hicho, na wachache tu ndio waliopiga gitaa kwa namna inayomfanya msikilizaji wa mbali ajikune. Mateso hueleza bluzi imetoka wapi. Hayaelezi kwa nini huyu ameipiga vyema na jirani yake hakuweza.

Mfano wa Robert Johnson unatosha. Johnson alizaliwa Mississippi mwaka 1911, akafa mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 27. Alirekodi nyimbo 29 tu katika vikao viwili, San Antonio mwaka 1936 na Dallas mwaka 1937. Baada ya nyimbo zake kutolewa upya mwaka 1961, kulizuka hadithi kwamba alimwuzia shetani roho yake njiapanda ili apewe ustadi. Hadithi hiyo ilikuwa imesimuliwa zamani kumhusu mwanamuziki mwingine, Tommy Johnson, asiyekuwa hata ndugu yake. Uzito wake katika uhakiki ni mkubwa kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu inamnyima msanii jasho lake. Mtu mweusi wa mashambani anafanywa chombo kinachopitiwa na nguvu asizozijua, badala ya kuwa fundi aliyejifunza.

Ukweli ni kwamba Johnson alijifunza. Alikaa na mpigaji mkubwa kwake kwa umri, Ike Zimmerman, akafundishwa. Na alisikiliza santuri za watu wa mjini kwa makini makubwa. Mtafiti Elijah Wald, katika kitabu chake cha mwaka 2004, amezifuatilia nyimbo zake moja moja na kuonyesha alivyochota kwa Leroy Carr, kwa Kokomo Arnold na kwa Lonnie Johnson. Nyimbo kama "Malted Milk" zinaufuata mtindo wa Lonnie Johnson waziwazi. Wenzake waliosafiri naye wameshuhudia kwamba alipiga pia nyimbo za kila aina zilizopendwa na watu wa wakati wake.

Ukuu wake basi uko wapi? Katika "Come On in My Kitchen", wimbo wa mwaka 1936, mwimbaji anamkaribisha mwanamke jikoni kwa kuwa mvua inakaribia. Katikati ya wimbo, kwenye mojawapo ya rekodi zake mbili, Johnson anaacha kuimba, anasema kwa sauti ya chini kwamba upepo unasikika ukivuma, na hapo gitaa linautoa upepo huo kwa mtelezo mwembamba juu ya uzi mmoja. Haongezi neno. Pengo limejazwa na kitu ambacho neno lilikiahidi tu. Johnny Shines, aliyesafiri naye, alisimulia kwamba Johnson alipoupiga wimbo huu mjini St. Louis alipomaliza aliwakuta wasikilizaji wake, wanawake kwa wanaume, wakilia kimya kimya. Tena ni vyema kukumbuka kwamba katika nyimbo zake zote 29, ni "Kind Hearted Woman Blues" peke yake ambamo gitaa linapewa nafasi ya kupigwa pasipo kuimba, kama lifanyavyo gitaa la solo katika bendi. Sifa yake yote nyingine aliipatia ndani ya mapengo.

KIGEZO CHA UKALE

Kigezo cha pili kimedhuru watu zaidi ya kile cha kwanza. Desemba 1938 John Hammond aliandaa onyesho kubwa la muziki wa watu weusi katika ukumbi wa Carnegie Hall, New York. Alimtaka Robert Johnson, akaarifiwa kwamba amekufa, naye Big Bill Broonzy akaletwa badala yake. Broonzy alikuwa mkazi wa Chicago tangu miaka ya 1920, na alikuwa amekwisha kurekodi santuri nyingi akisindikizwa na piano na vyombo vingine vya mjini. Hata hivyo alielezwa kwa hadhira kama mkulima aliyeacha shamba lake na nyumbu wake huko Arkansas. Ilibidi aonekane wa shambani ili ahesabiwe wa kweli.

Miaka 20 baadaye kosa lilo hilo lilijitokeza Uingereza. Muddy Waters, aliyerekodiwa na Alan Lomax na John Work akiwa bado kibarua katika shamba la Stovall mwaka 1941, alihamia Chicago mwaka 1943. Alikuwa mmoja wa watu weusi wapatao milioni 6 walioihama Kusini kati ya miaka ya 1910 na 1970. Katika mabaa ya Chicago gitaa la kawaida halikusikika kwa kelele, basi akatwaa la umeme. Alipozuru Uingereza mwaka 1958 na gitaa hilo, baadhi ya wahakiki walilalamika kwamba lilikuwa na kelele mno kwa bluzi halisi. Mwaka 1964 kampuni yake ikatoa santuri iliyomwonyesha kama mwimbaji wa nyimbo za jadi, akipiga gitaa lisilo la umeme, ili kuwaridhisha wasikilizaji wapya. Hapa mambo yamegeuzwa juu chini: kilichokuwa maisha ya mtu kimeitwa uigaji, na vazi alilovishwa likaitwa asili.

Sikio lenye busara lilikuwapo hata kabla ya hapo. Mapema mwaka 1943 mshairi Langston Hughes aliandika katika gazeti la *Chicago Defender* kuhusu Memphis Minnie, mwanamke aliyekuwa miongoni mwa wapigaji hodari kabisa wa wakati wake, ambaye Hughes alimsikia akipiga gitaa la umeme usiku wa kuamkia mwaka mpya. Hughes aliulinganisha mlio ule na kelele za mitambo ya kiwandani. Lakini ndani ya mlio huo huo alisikia pia vumbi, jua na mashamba ya pamba ya Kusini. Hakuona kwamba umeme umeifuta asili. Aliona kwamba uzi mmoja umebeba walikotoka watu wale na walikofika, jambo ambalo gitaa la shambani lisingaliweza kulisema.

Aliyeumia kwa kigezo hiki kuliko wengi ni Lonnie Johnson. Ndiye aliyeonyesha, tangu katikati ya miaka ya 1920, kwamba gitaa la bluzi laweza kupiga uzi mmoja mmoja kama mwimbaji wa pili. Alirekodi na Louis Armstrong mwaka 1927 na Duke Ellington mwaka 1928. Robert Johnson alimwiga, B. B. King alimtaja miongoni mwa walimu wake. Lakini alivaa suti, alitamka maneno yake sawasawa, na alipenda nyimbo laini za mapenzi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwa akifanya kazi ya usafi katika hoteli moja mjini Philadelphia. Wapenzi wapya wa bluzi walipomrudisha jukwaani hawakujua wamweke wapi, kwa kuwa hakufanana na picha waliyokuwa nayo vichwani. Aliyeifundisha mikono ya wengine kusema akaonekana si wa kweli vya kutosha.

Mfano wa Son House unakibomoa kigezo hiki kabisa. House alirekodi mwaka 1930, akarekodiwa tena na Lomax mwaka 1941 na 1942, kisha akahamia Rochester, New York, na baadaye akaacha kupiga. Alipopatikana mwaka 1964 alikuwa ameyasahau mengi. Aliyemsaidia kukumbuka ni kijana wa Kizungu, Alan Wilson, ambaye alikuwa amezisoma santuri za House mwenyewe; walikaa pamoja na magitaa, na mzee akafundishwa upya kazi yake. Kigezo cha ukale hakina la kusema hapa. Hakiwezi kusema kwamba House wa 1965 alikuwa mwigaji wa nafsi yake. Lakini anayesikiliza "Death Letter" ya mwaka huo, wimbo wa mtu aliyepokea barua ya msiba wa mpenzi wake, atasikia kwamba kila mshororo unapokoma, chuma kinaangukia nyuzi kwa uzito ambao habari ya msiba inautaka. Vidole si vyepesi tena, jibu lingalipo.

KIGEZO CHA WEPESI WA VIDOLE

Kigezo cha tatu ndicho kinachowavuta vijana, kwa kuwa chahesabika. Wepesi wa vidole ni fadhila, na hakuna mpigaji bora aliyekosa ustadi. Lakini ustadi ni kwa ajili ya nini? Hilo ndilo swali.

B. B. King, aliyezaliwa Mississippi mwaka 1925 na kufariki mwaka 2015, alikiri mara nyingi kwamba hakuwa hodari wa kupiga sauti nyingi kwa pamoja, na kwamba hakuweza kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Alishindwa pia kuutelezesha uzi kwa chuma kama alivyofanya binamu yake Bukka White, ndipo akazoeza kidole cha mkono wa kushoto kuutikisa uzi mpaka utetemeke kama koo la mwimbaji. Kwa mizani ya wepesi, huo ni upungufu juu ya upungufu. Lakini upungufu huo ndio uliomlazimisha aitumie nafasi ya pengo peke yake: anapoimba, gitaa linanyamaza, anaponyamaza, gitaa linaimba. Katika *Live at the Regal*, santuri iliyorekodiwa mbele ya hadhira Chicago mwezi Novemba 1964, watu wanasikika wakilipigia kelele gitaa kama wampigiavyo kelele mwimbaji. Wanaliitikia kwa sababu wamelielewa.

Linganisha sasa "Cross Road Blues" ya Robert Johnson ya mwaka 1936 na "Crossroads" ya kundi la Cream, iliyorekodiwa jukwaani mwaka 1968, Eric Clapton akiwa mpiga gitaa. Katika wimbo wa Johnson shetani hatajwi hata mara moja. Mtu amepiga magoti njiapanda, anaomba rehema, anajaribu kusimamisha gari na hakuna anayemjali, na jua linatua. Kwa mtu mweusi katika Mississippi ya wakati ule, kukutwa na usiku mahali pasipojulikana hakukuwa jambo la mzaha. Gitaa lake linajibu kwa vipande vikali vilivyokatika, na vipimo vya beti havilingani. Mara pigo linazidi, mara linapungua, kama pumzi ya mtu mwenye hofu. Cream walivinyoosha vipimo vyote vikalingana, wakatia mwendo wa kasi, na wakampa Clapton sehemu mbili ndefu za gitaa pekee ambazo wastadi wanazisifu hadi leo.

Sifa hizo ni za haki. Upigaji ule una nguvu, una mpango, na haurudii hovyo. Lakini jambo linalozungumzwa limebadilika. Kwa Johnson, gitaa ni la mtu anayeomba gari. Kwa Cream, ni la mtu aliyekwisha kupanda na anaendesha. Anayetaka kumhukumu Clapton asiulize alizaliwa wapi, bali aulize kama mkono wake katika wimbo ule unalijibu neno au umeliacha nyuma. Kwa kipimo hicho wimbo wa 1968 ni muziki mzuri wa namna nyingine, uliotumia ubeti wa bluzi kama kizingiti cha kuingilia.

Kipimo hiki hakiwapendelei wale wanaoshika kanuni za ubeti pia. John Lee Hooker, tangu "Boogie Chillen'" ya mwaka 1948, hakujali vipimo 12. Alibadilisha sauti alipomaliza kusema, si kabla, huku mguu wake ukipiga sakafu. Wanaohesabu wangemwita mkosaji. Lakini kwake urefu wa pengo unapimwa na uzito wa kauli iliyotangulia, na kwa hiyo amelitii neno kuliko wengi walioitii hesabu.

PINGAMIZI

Yapo mapingamizi mawili yanayostahili kujibiwa. La kwanza ni la Amiri Baraka, ambaye mwaka 1963, akijulikana bado kwa jina la LeRoi Jones, alishikilia katika *Blues People* kwamba muziki huu haueleweki nje ya historia ya watu weusi wa Marekani, na kwamba kila hali yao ilipobadilika, muziki nao ulibadilika. Hoja hiyo ni nzito. Ralph Ellison aliijibu kwa kuonya kwamba bluzi ikitwishwa elimu-jamii kupita kiasi, usanii wake hautaonekana. Albert Murray, katika kitabu cha mwaka 1976, akaongeza kwamba bluzi si kilio bali ni njia ya kukifukuza kilio kwa mtindo na ustadi. Hapana haja ya kuchagua upande mmoja. Historia ndiyo iliyoiunda lugha ya gitaa la bluzi. Lakini historia haiwezi kuisema lugha hiyo kwa niaba ya mpigaji. Lazima kila mmoja aiseme kwa mkono wake.

Pingamizi la pili ni kwamba kipimo cha jibu kinamfungulia mlango mgeni, na wageni wamekwisha kuchukua mengi. Ni kweli kwamba kinaufungua. Peter Green, Mwingereza, katika "Need Your Love So Bad" ya mwaka 1968, anaacha kimya kingi zaidi ya sauti, na kila anachopiga kinaufuata mshororo uliopita. Si ajabu kwamba B. B. King mwenyewe alimsifu. Na kabla yake, mwaka 1928 na 1929, Lonnie Johnson alirekodi pamoja na Eddie Lang, mwana wa wahamiaji wa Kiitaliano, nyimbo za magitaa mawili ambamo ni vigumu kusema nani mwenyeji. Kampuni ilimwandika Lang kwa jina la bandia la Blind Willie Dunn, ili adhaniwe kuwa kipofu mweusi. Uhalisi ulikuwa tayari chapa ya kuuzia.

Lakini mlango kufunguliwa si deni kufutwa. Arthur Crudup, mtungaji wa "That's All Right" iliyompandisha Elvis Presley mwaka 1954, alikufa mwaka 1974 bila kupata malipo aliyostahili. Hilo ni suala la haki, nalo lina jibu lake: alipwe mwenye kazi, atajwe mwenye jina. Likichanganywa na suala la uhalisi, yote mawili huharibika. Mhakiki hujiona amelipa deni kwa kumwita marehemu wa kweli, na jamaa za marehemu hawapati kitu.

HITIMISHO

Afrika nayo inauthibitisha msimamo huu. Ali Farka Touré wa Mali alipomsikia John Lee Hooker aliutambua muziki wake kama wa nyumbani kwao. Na utafiti wa Gerhard Kubik wa mwaka 1999 umeonyesha kwamba tabia nyingi za bluzi zina asili katika nyika za Sudani ya Magharibi. Karibu zaidi na wasemaji wa Kiswahili yuko Jean Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 akipiga "Masanga". Mwenda hakupiga bluzi, wala haifai kumwita mpigaji wa bluzi. Lakini naye alitwaa gitaa la dukani akalifundisha kusema Kiswahili cha Katanga, na Wald yule yule aliyemchunguza Robert Johnson alikwenda Lubumbashi kujifunza kwake.

Wanaoufahamu mgogoro wa ushairi wa Kiswahili watayatambua maswali haya. Tangu Kaluta Amri Abedi alipotoa *Sheria za Kutunga Mashairi* mwaka 1954, hata Euphrase Kezilahabi alipotoa *Kichomi* mwaka 1974, na baada ya hapo, walishindana wahakiki kama shairi halisi linajulikana kwa vina na mizani au kwa jingine. Mfano wa bluzi unadokeza kwamba kanuni hazina budi kujulikana, kwa kuwa ndizo zinazoliumba pengo. Ila ubora haumo katika kulitimiza umbo, wala katika kulivunja, bali katika kinachosemwa pale umbo lilipoacha nafasi.

Kuna na funzo la kazi. Nyimbo nyingi za makabila ya Afrika Mashariki zimekusanywa na kuandikwa kwa maneno matupu, pasipo kutaja zeze, nyatiti au gitaa lilisema nini kati ya mshororo na mshororo. Mkusanyaji wa namna hiyo amefanya kama yule anayechapa bluzi bila gitaa. Anayeandika wimbo hana budi kuandika na majibu yake: pengo lilikuwa na urefu gani, chombo kilipanda au kilishuka, kilimwunga mkono mwimbaji au kilimpinga. Bila hayo, atakayekuja kuuliza baadaye ni mpigaji gani aliyekuwa bora hatakuwa na mahali pa kutafuta jibu.